Subaru ya turbo, Mark X au Golf GTI: lipi ulilee kwa mikono yako ukiwa Malindi?

Kwa wanaotafuta gari lenye mbio hapa Malindi, na ambao hawataki kila bolti ifunguliwe na fundi, mjadala huishia kwenye majina matatu: Subaru ya turbo, Toyota Mark X na Volkswagen Golf GTI. Kila moja lina mawakili wake barazani, na mawakili wote huanza na nguvu za farasi. Kwa mtu ambaye Jumapili asubuhi atalala chini ya gari lake mwenyewe, farasi ni jambo la nne au la tano. Yanayotangulia ni haya: injini ina hulka gani na inataka petroli ipi, kazi zipi utazimaliza uani kwako, gari linavumilia vipi chumvi, joto na barabara zetu, spea inatoka wapi na inafika lini, na mwisho, ukitaka kuliongeza, lina nafasi kiasi gani. Bei ya kununulia nimeiacha nje kusudi. Hupanda na kushuka pamoja na shilingi, na gari la bei ya chini lililochoka litakudai tofauti hiyo kabla mwaka haujaisha.

Magari tunayoyazungumzia

Kwa Subaru nina maana ya Impreza WRX na Forester XT. Kinachozigawa ni injini: EJ za zamani zenye mkanda wa taimingi, na FA20 zenye cheni, zilizoingia kwenye Forester XT mwishoni mwa 2012 na kwenye WRX mwaka 2014. Mark X ni GRX120 ya 2004 hadi 2009 na GRX130 ya 2009 hadi 2019. Nyingi utakazokutana nazo ni za lita 2.5, na za 3.5 ni chache. Golf GTI ni Mk5, Mk6 na Mk7, yaani vizazi vya tano, sita na saba, zote za lita 2.0 na turbo.

Kuwa macho na Golf. Nyingi zinazouzwa nchini ni TSI za lita 1.2 na 1.4 zenye gia ya DSG (otomatiki ya klachi mbili) ya aina ya klachi kavu. Hilo ni gari jingine, na gia yake ina maradhi yake. Beji ya GTI hubandikwa kwa gundi. Soma namba ya chesisi.

Jambo jingine ni umri. Kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Toyota iliacha kuunda Mark X Desemba 2019, na injini ya EJ20 nayo iliagwa Japani karibu wakati huo huo. Piga hesabu, mwaka wa usajili ukihesabiwa kuwa wa kwanza: kuanzia 2027, anayetaka Mark X atanunua iliyokwisha kutembea Kenya. Mk5, Mk6 na Forester XT za EJ zilishafika huko zamani. Basi utakuwa unanunua pia tabia za mwenye gari aliyekutangulia, na risiti zake za oili zina thamani kuliko rimu alizofunga.

Injini na hulka yake

Injini ya Subaru imelala: silinda mbili kulia, mbili kushoto, uzito wote chini. Ukiongeza magurudumu manne yanayosukuma kwa pamoja, unaelewa kwa nini inashika kona namna ile. Sifa yake hapa nchini haikuja kwa matangazo peke yake. Patrick Njiru alishinda daraja lake kwenye Safari Rally ya 1993 na kale ka-Vivio, ka-Subaru kadogo. Colin McRae akatwaa Safari ya 1997 na Richard Burns ya 2000, wote wawili kwenye Impreza.

Lakini injini hiyo haisamehi uzembe wa oili. EJ ya turbo iliyoachwa hadi oili ikashuka huua beringi za krenki, na ikishaanza kugonga huna cha kufanya isipokuwa kuishusha. Kwenye EJ ya lita 2.5, bolti inayopeleka oili kwenye turbo ina kichujio kidogo ndani yake. Kikiziba, turbo hukauka na kufa. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu na pistoni hukutana. Kwa hiyo kijiti cha oili huchomolewa kila unapojaza petroli, na mkanda hubadilishwa kufikia kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na puli zake kwa sababu mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu. Ukinunua bila ushahidi wa mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa. FA20 imeondoa shida ya mkanda, ila nayo ni ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na masizi hujikusanya nyuma ya valvu za kuingiza hewa.

Petroli ni suala lake la pili. Subaru za turbo za Japani zimepimwa kwa petroli bora ya huko, na Super ya vituo vyetu haifikii oktani hiyo. Gari litatembea, kompyuta itarudisha nyuma cheche kujilinda, nawe utapoteza sehemu ya nguvu uliyoilipia. Tafuta petroli ya daraja la juu inapopatikana, na usiikanyage gia ya juu ikiwa mizunguko iko chini mchana wa Machi.

Mark X haina turbo wala haraka ya kujieleza. Ni V6, cheni ya taimingi, gia ya otomatiki ya hatua sita, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ile ya 2.5 ya GRX130 inatoa farasi 203 hivi, na Toyota waliipima kwa petroli ya kawaida ya Japani. Super yetu haiipi taabu hata kidogo. Ya 3.5 ina farasi 318, na hapo mazungumzo hubadilika. Maradhi yake ni mawili ya kuchunguza. Moja, 2.5 hupuliza petroli ndani ya silinda pekee, hivyo masizi huziba njia ya hewa, na baadhi hula oili; ile ya 3.5 ina pua za petroli za aina mbili, nazo huosha valvu. Mbili, pampu ya maji huvuja polepole. Utaona ukoko wa waridi karibu na puli, rangi ya kulanti ya Toyota. Ukiuona, usingoje gari lichemshe ukiwa kati ya Gede na Kilifi.

Golf GTI hutoka haraka taa zikiwaka kijani. Nguvu yake ya kuvuta, Nm 280 kwenye Mk5 na Mk6, hufika mizunguko ikiwa chini ya 2,000, kwa hiyo mjini unaiona ni nyepesi kuliko namba zake. Kila kizazi kina jino lake bovu: Mk5, kikombe kidogo kinachosukuma pampu ya petroli ya shinikizo hulika na kula kemshafti; Mk6 za mwanzo, kikaza-cheni hulegea na injini ikaharibika asubuhi moja wakati wa kuwasha; Mk7, nyumba ya thamostati na pampu ni ya plastiki na huvuja. Yote matatu yanazuilika ukiyajua mapema. Gia ya DSG ya GTI ya hatua sita ina klachi zinazoogelea ndani ya oili, nayo oili hiyo na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Atakayekuambia ni ya maisha anakuuzia gia.

Kazi za uani

Kwanza uani wenyewe. Nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na stendi ya jeki huzama mchangani taratibu wakati wewe uko chini. Mimina kipande cha zege, au weka ubao mnene na mpana chini ya kila stendi. Jeki peke yake haimlindi mtu, gari liwe lolote kati ya haya.

Mark X ndiyo mwalimu mpole. Injini imekaa kwa urefu, kuna nafasi ya mkono pande nyingi, na bolti zake ni za namba zile zile utakazozikuta kwenye Probox ya jirani: 10, 12, 14, 17. Oili inataka kama lita 6, filta ni ya karatasi ndani ya kifuniko kinachofunguliwa kwa soketi yake maalumu. Breki, shokabzoba, bushi za mikono ya mbele, koili, oili ya difu: zote ni kazi za mtu mwenye seti nzuri ya spana, spana ya toki na subira. Kufungua manifoldi na kukwangua masizi ni kazi ya siku nzima, ila haina siri.

Subaru ni rahisi hapa na ngumu pale. Filta ya oili ya FA20 iko juu ya injini, unaigusa bila kuinama. Plagi ndizo zitakazokutukanisha: ziko ubavuni, zimetazamana na kuta za chesisi, na kabla hujazifikia utakuwa umeshatoa betri, kopo la maji ya wipa na nyumba ya filta ya hewa. Mkanda wa taimingi unawezekana nyumbani kwa mtu makini, kwa sababu mbele ya injini kuko wazi ukishatoa feni za rejeta, lakini alama lazima zilingane zote. Gasketi za hedi ni habari nyingine. Injini hushushwa, na kwa hilo mwite fundi wa Subaru, ukae umshikie taa.

Golf inagawanyika vivyo hivyo. Koili na plagi zake nne zimejipanga juu kwa mstari, kazi ya muda wa chai. Baada ya hapo inadai vifaa vingine: bolti za nyota za aina mbili tatu, na kompyuta. Kubadilisha pedi za nyuma za Mk7 kunahitaji mashine ya kurudisha breki ya mkono ya umeme. Kupima kiwango cha oili ya DSG kunahitaji kusoma joto lake. Bila kebo ya uchunguzi na simu au kompyuta ya mapajani unafanya kazi gizani. Kwa wengine hicho ni kikwazo. Kwa wengine ndiyo raha yenyewe, maana gari hilo litakuambia mengi juu ya hali yake kuliko hayo mengine mawili.

Chumvi, joto na barabara

Hapa Malindi inatofautiana na Nakuru, na hapa ndipo ushauri mwingi wa watu wa bara unapotupotosha. Upepo wa kusi unapovuma, mvuke wa bahari huingia hadi kwenye magari yaliyoegeshwa mbali na pwani. Hula mapezi ya rejeta na kondensa, mabomba ya breki, plagi za umeme na vichwa vya bolti. Magari yote matatu huathirika. Dawa ni moja: osha chini ya gari kwa maji matamu mara kwa mara, paka grisi ya umeme kwenye viunganishi, na kila bolti unayoifungua irudi na grisi ya kuzuia kutu, isipokuwa pale mtengenezaji anapokataza. Usioshee maji ya kisima cha karibu na bahari, mengi yana chumvi. Tumia ya bomba, yanayotoka Baricho. Wala maji ya kisima yasiingie kwenye rejeta. Kulanti na maji safi ya betri (yale ya distilled, si asidi), basi.

Kwa joto, Impreza ina kasoro ya kimaumbile. Interkula yake, kipoza hewa ya turbo, iko juu ya injini, chini ya tundu la boneti, na hutegemea upepo wa mwendo. Ukikwama nyuma ya tuktuk katikati ya mji, inapikwa na injini iliyo chini yake, na dakika chache za mwanzo baada ya kutoka gari huwa zito. Golf ina interkula mbele, haina taabu hiyo, ila plastiki zake za mfumo wa maji huzeeka haraka kwenye joto. Mark X haina interkula ya kuipikia.

Barabarani Forester inawaacha wote. Iko juu sentimita 20 hivi au zaidi kutoka ardhini, na njia ya Marafa au ya kuingia Ngomeni haiitishi. Mark X ni ya lami. Matuta ya barabara ya Mombasa huyapanda kwa upande, na ukiishusha zaidi kwa springi fupi utayasalimia yote kwa silensa. Golf iko katikati, ila rimu kubwa na tairi nyembamba haipendani na mashimo.

Neno moja la tairi. Subaru hutaka tairi nne zinazolingana kwa mzingo, kwa sababu tofauti kubwa huchosha mfumo wa kusukuma magurudumu manne. Jiwe la tumbawe likichana moja lililobakiza nusu, huenda ukanunua zaidi ya moja.

Spea

Malindi ni mji wa Toyota. Filta, pedi, beringi na kulanti za Mark X utazipata bila kutoka mjini, au Mombasa, kilomita 120 hivi. Sehemu kadhaa zinaingiliana na Crown na Lexus IS, na hilo hupanua uwanja wa kutafuta. Subaru zipo za kutosha kiasi kwamba vitu vya matumizi havisumbui, lakini turbo, sensa na sehemu za ndani ya injini hutafutwa Mombasa au Nairobi, Kirinyaga Road na Grogani, na kufika kwa kifurushi cha basi. Jihadhari na EJ "mpya" kutoka kwa wauza injini za mtumba. Umenunua historia ya mtu mwingine bila hata kitabu chake.

Golf huchelewa. Utaagiza kwa namba ya sehemu, utasubiri, na kama namba ilikosewa utasubiri tena. Wenye GTI hapa huweka akiba nyumbani: koili moja, nyumba ya thamostati, filta mbili. Ni busara kwa gari lolote lililo mbali na duka la spea zake.

Kuongeza

Kwa pesa, Golf inaongoza. Kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, bila kufungua hata bolti moja, hupandisha farasi 210 za Mk6 kwa kiasi unachokisikia mgongoni, mradi petroli ni nzuri na programu imeandikwa kwa petroli unayoitumia. Programu ya oktani 98 ya Ulaya kwenye Super ya hapa ni njia ya kuyeyusha pistoni.

Subaru inaongezeka zaidi ya yote kama una mfuko, ila kwa mpangilio: kwanza afya ya injini, kisha njia ya oili na ya petroli, kisha mashine ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, ndipo turbo iguswe. Wengi huanzia mwisho, kwa silensa na shinikizo la turbo, nayo EJ ya 2.5 huvunja kingo za pistoni. Forester XT ya FA20 na WRX S4 zina gia ya CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na hatua), na hiyo ina mpaka wake wa kubeba nguvu. Anayetaka kwenda mbali atafute ya gia ya mkono.

Mark X ya 2.5 haitakupa farasi wengi hata uiombe. Silensa na filta ya hewa vitakupa sauti, kidogo mno cha ziada. Pesa yake iende kwenye tairi nzuri, pedi za daraja la juu, oili mpya ya breki, shokabzoba na bushi. Mark X iliyofanyiwa hayo ni gari jingine kwenye zile kona za kuelekea Watamu, na kwa maoni yangu hata magari hayo mengine mawili yangeanzia hapo hapo. Rimu nazo: Mark X ni 5x114.3 (bolti tano kwenye duara la milimita 114.3), matundu yaliyojaa sokoni. Golf ni 5x112. Subaru kuna 5x100 na 5x114.3 kutegemea toleo, kwa hiyo pima kabla ya kulipa.

Ukibadilisha chochote kikubwa, mjulishe anayekukatia bima. Na ndani ya mji mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, farasi wawe wangapi.

Nani achukue lipi

Kama hili ni gari lako la kwanza la kujifunzia spana, na ndilo hilo hilo la kwendea kazini Jumatatu, Mark X ya 2.5 itakuvumilia. Kagua moshi, ukoko wa waridi na ulaji wa oili kabla ya kulipa.

Una shamba upande wa Ganda au jamaa Marafa, na bado unataka turbo? Forester XT. Ukiwa huna desturi ya kukagua oili, chagua kingine, au anza desturi hiyo leo kwa gari ulilo nalo.

Anayependa kompyuta kuliko grisi, anayetembea lami tu, na mwenye namna nyingine ya kusafiri wiki ambayo spea iko njiani, atafurahia GTI. Kwa mwenye pesa ya kati, Mk6 ambayo kikaza-cheni chake kimeshabadilishwa, kwa risiti, ni chaguo la kueleweka; Mk7 ni bora zaidi lakini ni ghali.

Unataka gia ya mkono? Mark X ya kawaida haina. Tafuta WRX, au GTI iliyotoka Uingereza.

Unaishi karibu kabisa na bahari bila paa la kuegesha, jenga banda kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya rejeta na kondensa, na hapo uchague lolote kati ya matatu.

Na kwa wasomaji wa Lamu: gari litalala Mokowe, upande wa bara, wiki nzima au zaidi wakati wewe uko kisiwani na punda. Gari linalokaa bila mwenyewe, halafu ghafla likakimbizwa hadi Malindi, liwe lile lisilodai mengi. Hapo Mark X tena, betri ukiifungua kabla hujapanda boti.